Upanga Salama, Safari ya Hatari

Mchezo wa upanga kwa vijana, yaani ule wa Olimpiki ambao wachezaji wawili hutafuta alama kwa kugusana kwa silaha zilizofanywa butu, una kila sifa ya kumkunjisha uso afisa wa bima, kwa kuwa neno upanga humletea picha ya damu, ilhali mchezaji hufunikwa barakoa ya wavu wa chuma, na katika mashindano ya kimataifa vazi lake la kinga hutakiwa kustahimili nguvu ya nyutoni 800. Mjini Kampala, mashaka hayo yangefaa zaidi kuelekezwa kwa bodaboda, pikipiki ya abiria, inayoweza kumpeleka mtoto huyohuyo mazoezini bila kofia ngumu, akiwa amepakiwa mshikaki kati ya dereva na abiria mwingine, huku wakipenya foleni ya Barabara ya Jinja. Huko bima ni ya lazima, ile inayomfidia mtu aliyeumizwa na chombo cha mwenzake, isipokuwa sheria yake ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja za Uganda kwa mhanga mmoja, kiasi ambacho mfumuko wa bei umekwisha kukitafuna hadi mfupani. Kwa hiyo mzazi mwenye busara angemvisha mwanawe barakoa na mavazi yote ya kinga tangu mlangoni, ampandishe bodaboda akiwa hivyo, kisha amruhusu kuyavua akifika ukumbini, ambako hatari iliyobaki ni mtu mwenye upanga tu.