Jinsi ya Kuua Programu za Simu Yako na Kubaki Bila Chaji

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye chaji yake haifiki saa kumi jioni, na ambaye ameshamjua mbaya wake: zile programu zilizojificha ndani ya simu, zinazokula memori na betri usiku kucha wakati mwenyewe amelala. Watengenezaji wa simu, na shahada zao zote, hawakuliona hilo. Umeliona wewe, umesimama kwenye daladala ya Mbagala. Hongera. Tuingie kazini.

Kwanza tafuta muuaji. Fungua Play Store, andika neno lolote lenye maana ya kusafisha, kupooza au kuongeza kasi, kisha pakua ile yenye nembo ya roketi. Roketi ikikosekana, ufagio unatosha. Ndiyo, unaongeza programu ili upunguze programu. Usianze kubisha mapema. Ikishaingia itaomba ruhusa, nawe ipe zote. Itataka kuonekana juu ya programu nyingine. Itataka kujiwasha kila simu inapowaka. Itataka kiokoa betri cha simu kisiiguse, na hapa naomba usome polepole: programu ya kuokoa betri inaomba isihusishwe na zoezi la kuokoa betri. Ikubalie.

Baada ya siku mbili tatu itarudi na ombi zito zaidi, la huduma ya ufikivu. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, mathalani asiyeona anayehitaji simu imsomee yaliyo kwenye kioo. Muuaji anaitaka ili aingie kwenye mipangilio na kukubonyezea vitufe vya kusimamisha programu, moja baada ya nyingine, wewe ukitazama. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma karibu kila kinachopita kwenye kioo chako, pamoja na ujumbe wa mpenzi na salio la benki. Lakini wewe ni mtu mwadilifu, huna cha kuficha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila wao hawakuombwa wakubali masharti kwanza.

Sasa ibada yenyewe. Bonyeza kile kitufe kikubwa cha duara. Feni itazunguka, namba zitapanda haraka haraka, kisha utaambiwa umeokoa megabaiti mia nane. Ukichagua kupooza simu, theluji itaanza kudondoka kwenye kioo, Dar es Salaam, mwezi wa pili, jua la utosi. Itakuja alama ya vema ya kijani. Nyuma yake litakuja tangazo la mkopo wa haraka usio na dhamana, ambalo haliwezi kufungwa mpaka sekunde tano ziishe. Subiri. Hii ndiyo sehemu ya tiba.

Kaa kidogo, bonyeza tena. Umeokoa megabaiti mia sita nyingine! Mwanafunzi mdadisi anaweza kuuliza zimetoka wapi, ikiwa dakika chache zilizopita zilishafagiliwa zote. Mwanafunzi wa namna hiyo hafai kwenye fani hii, lakini kwa kuwa ameshauliza, tumjibu.

Zile programu zilizouawa zilifufuka. Nyingi zilikuwa zimelala tu: ziko kwenye RAM, hazifanyi kazi, zinasubiri uziite. Matoleo ya karibuni ya Android huzigandisha kabisa zisiguse prosesa. RAM nayo hula umeme kushikilia kilichomo, kiwe cha maana au takataka, kwa hiyo kuifagia ili ibaki tupu hakukuongezei hata dakika moja ya chaji. Mfumo ukiishiwa nafasi unajua wa kumtoa. Unazipanga programu kwa umuhimu: iliyo mbele ya macho yako haiguswi, inayokupigia muziki inafuata, na zile ulizoziacha zamani ndizo zinazotangulia kuondoka. Kazi hiyo simu inaifanya mchana na usiku, bila feni wala theluji. Anayeua kila kitu kwa mkono anafanana na mama ntilie anayemwagia maji mkaa kila akishapakua sahani moja, halafu anaanza kupepea upya mteja wa pili anapokaa. Kuianzisha programu toka mwanzo, isomwe tena toka kwenye hifadhi, ijipange, iunganishwe na mtandao, ndiko kunakokula chaji. Kuiamsha iliyolala ni kazi ndogo.

Mwanafunzi mzuri anapaswa pia kuijua historia. Fani hii ilishika mizizi kwenye kompyuta za Windows, ambako programu ikigoma unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, unafungua orodha, unamchagua mkosaji na kummaliza. Watu walipohamia kwenye simu walihama na tabia hiyo, na kusema kweli mwanzoni walikuwa na hoja. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya megabaiti 192. Programu nyingi za wakati huo ziliandikwa hovyo, na nyingine zilikesha zikiizuia simu isilale. Ikaja Advanced Task Killer, na ikawa mtu haonekani mjanja wa simu mpaka awe nayo.

Mwaka 2010, katika toleo la 2.2, Google ikamng'oa muuaji meno. Akabakiziwa ruhusa ya kuua zile programu zilizolala tu, yaani zilezile ambazo mfumo wenyewe ungeziondoa siku ukihitaji nafasi, na maelezo rasmi yakasema wazi kwamba mfumo utaziwasha tena zikitakiwa. Mwaka 2015, kwenye Android 6, simu ikafundishwa kusinzia yenyewe ikiwa imelazwa mezani bila kuguswa. Ya mwaka 2023 ndiyo yaliyomaliza mchezo. Kuanzia Android 14, programu ikiomba kuua michakato ya nyuma, inaruhusiwa kuua ya kwake tu. Yaani muuaji wako, ukiacha vile vitufe anavyokubonyezea kwa ruhusa ya ufikivu, amebaki na haki moja, ya kujiua. Google ikaongeza kwamba haiwezekani programu iliyoletwa na mtu wa nje kuboresha memori, matumizi ya umeme au joto la simu ya Android. Hawakusema ni vigumu. Walisema haiwezekani. Theluji bado inadondoka.

Wenye iPhone wasijione wako salama; nao wana vidole. Wapo wanaofungua orodha ya programu za karibuni na kuzitupa juu moja moja mpaka kioo kibaki cheupe, kisha wanashusha pumzi. Steve Jobs aliwahi kusema mwaka 2010 kwamba simu ikimlazimu mtumiaji kuwa na msimamizi wa programu, basi aliyeitengeneza ameharibu. Mwaka 2016 mteja mmoja aliandika kwa Apple akiuliza kama bosi wa kampuni huzifunga programu zake mara kwa mara, na kama kufanya hivyo kunahitajika ili kulinda betri. Craig Federighi, mkuu wa programu za Apple, akajibu kwa ufupi: hapana, na hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android huko Google, akajitokeza kusema kwamba na kwao ni hivyohivyo. Makampuni haya mawili hayaelewani hata juu ya rangi ya kiputo cha ujumbe, lakini hapa yalikubaliana. Muumini wa kweli hatetereki. Atasema hao wanataka tununue simu mpya.

Basi nani anafaidika? Swali la uchochezi, lakini jibu lake ni lile tangazo la mkopo. Clean Master, mali ya kampuni ya Cheetah Mobile ya China, ilikuwa miongoni mwa programu za usafi zilizopakuliwa zaidi duniani. Mwaka 2018 programu za kampuni hiyo zilituhumiwa kwa udanganyifu kwenye malipo ya matangazo, kampuni ikakana. Februari 2020 Google ikaziondoa programu zake kwenye Play Store. Unaweza kuzitafuta nyingine, zipo tele, na roketi zake ni nzuri zaidi.

Ukishakomaa katika fani, usiwe mchoyo. Nenda nyumbani kwa shangazi siku ya Jumapili. Baada ya shikamoo na chai, iombe simu yake uiangalie na utikise kichwa. "Shangazi, humu ndani mna programu zinakunyonya." Atakwambia, "Ndiyo maana inaisha chaji, mwanangu. Nisaidie." Nenda kwenye mipangilio, chagua WhatsApp, bonyeza kulazimisha isimame, kisha muwekee na muuaji aendelee na kazi ukishaondoka. Programu iliyolazimishwa kusimama haipokei taarifa tena mpaka mtu aifungue kwa mkono. Kwa hiyo jioni kikundi cha vikoba kitahamisha kikao, binti yake aliyeko Muscat atapiga mara tatu, na simu ya shangazi itatulia kimya kwa amani kubwa. Kesho yake atakuta ujumbe wote umeingia kwa mkupuo mara tu anapoifungua, naye ataulaumu mtandao. Wewe utaendelea kuitwa mtaalamu wa ukoo.

Fani hii pia inawafaa madereva wa bodaboda wa mtandaoni wanaochoka kuitwa na abiria, wanaohesabu hatua za mazoezi na hawataki hatua zihesabike, na wote ambao kengele ya asubuhi inawasumbua. Na usijali ukikosa kumpakua muuaji: simu kadhaa zinazouzwa madukani kwetu huja naye toka kiwandani, mkali kuliko wote, na ufagio wake haufutiki.

Sasa onyo. Yapo mambo ambayo mwanafani hatakiwi kuyagusa, kwa sababu yanasaidia kweli na yataua burudani.

Usipunguze mwanga wa kioo. Kioo ndicho mlaji mkubwa kwenye simu nyingi, na ukikiacha kwenye mwanga wa juu kabisa ukiwa ndani ya chumba chenye giza, chaji itashuka hata ungekuwa umeua kila kitu mpaka saa ya ukutani.

Usizime data wala usiweke hali ya ndege ukiwa safarini. Basi likitoka Morogoro na kuingia kwenye pori lisilo na mnara karibu, simu huanza kuhangaika, inatafuta mtandao, inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili mnara wa mbali uisikie. Simu inapata joto mfukoni, asilimia zinashuka, nawe hujagusa kitu. Huo ndio wakati mzuri wa kufungua roketi na kufagia.

Usifute video. Simu nyingi zinazokwama hazina shida ya RAM; hifadhi yake imejaa mpaka pomoni. Fungua ya mtu yeyote mwenye vikundi vitano vya WhatsApp uone: maua yenye maneno ya heri ya asubuhi, mahubiri ya dakika tisa, harusi ya mtu asiyemjua, na video ileile ya ng'ombe aliyeingia benki imehifadhiwa mara nne kwa sababu imepitia vikundi vinne. Hifadhi ikibanwa hivyo, simu inachelewa kuandika kitu chochote kipya, na hata kufungua kamera kunakuwa safari. Muuaji hatakwambia hivyo kwa herufi kubwa.

Usiingie kabisa kwenye mipangilio, sehemu ya betri, mahali ambapo simu yenyewe imeorodhesha kila programu na kiasi ilichokula. Ukiingia unaweza kukuta programu moja tu ndiyo mkorofi, ukaizuia kufanya kazi ikiwa nyuma au ukaifuta, na tatizo likaisha. Mbaya zaidi, unaweza kukuta jina la muuaji wako liko juu ya orodha.

Kwa haki tu niseme: kuna siku kufunga programu ni sawa. Imeganda, haijibu kidole, ifunge. Ramani inaendelea kukuelekeza kona wakati umeshafika na umeshakula, ifunge, kwa sababu GPS inafanya kazi bure. Kwa hayo kidole chako kinatosha.

Kuna na lile ambalo hakuna roketi inayoligusa. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kuchajiwa na kwa joto. Apple wenyewe, kwa iPhone 14 na za kabla yake, wanakadiria kwamba baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji, ikitumika katika hali bora kabisa, betri hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Na hiyo ni kabla ya kuihesabu simu inayochajiwa juu ya dashibodi ya gari mchana kweupe. Kama yako imefika mwaka wa nne, na inazimika ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia ishirini, hakuna cha kuua humo ndani. Futa programu zote za usafi, ipeleke simu kwa fundi, uliza bei ya betri halisi, na usiondoke bila risiti.