Msiniwekee Matanga

Kwa bibi, wajomba, mashangazi na wote wa kijiji chetu cha Kiterajo, kaskazini ya Msumbiji, mliokwisha kurudi na mliobaki Pemba tangu vita vilipotutawanya,

Nina ombi la haraka. Mkiletewa picha yangu nimelala kifudifudi, damu chapachapa, Mzungu kanisimamia na upanga, msiweke matanga. Damu ile ni rangi ya keki. Mzungu yule ni fundi bomba, na jioni hunirudisha nyumbani kwa gari lake.

Mji huu mdogo wa Ureno, kaskazini ya Lisbon, una chama cha historia ya zama za kati. Wakati wa baridi hutoa mihadhara. Kiangazi wanachama huvaa fulana za chuma na kucheza vita mbele ya watalii. Fundi bomba ndiye Afonso Henriques, mfalme aliyewapokonya Waislamu Lisbon mwaka 1147. Mtunza hazina ni askofu, kwa hiyo ada hudaiwa kwa baraka. Mimi nilipotaja jina langu tu nilipewa cheo bila kura: Mwislamu mlinzi wa ngome. Wenzangu ni seremala na kinyozi, Wakatoliki wote wawili, nami ndiye ninayewafunga vilemba. Kazi yetu ni kushindwa. Mimi huuawa mapema kwa sababu, wanasema, nakufa vizuri.

Kwenye karamu za chama kuna sheria kali: saa na miwani marufuku, na viazi, nyanya na mahindi haviingii mezani, maana vilitoka Amerika baada ya 1492. Nguruwe ruksa, anazungushwa mzima juu ya moto. Mimi nahamia upande wa samaki. Nikapiga hesabu ya kwetu: toa mahindi, mihogo, korosho na pilipili, vyote vya Amerika. Wazee wetu wa zama hizo walibaki na mtama, mchele, nazi na bahari. Bibi, usidai tena kuwa ugali wa mahindi ndio asili yetu.

Mhadhara ulionipendeza ulihusu vita vya Aljubarrota, tarehe 14 Agosti 1385, Wareno walipowashinda Wakastilia. Hadithi yao inasema mwanamke mwoka mikate aliwakuta askari saba wamejificha ndani ya tanuri lake, akawaua kwa sepetu la kutolea mikate. Shangazi, nilikukumbuka.

Mwisho wa maswali nikasimama. Nikawaambia kwamba mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu uzuri wa mji. Dhahabu ya Sofala ilipanda kwenda Kilwa kwa vyombo vilivyopita mbele ya pwani yetu. Sarafu ya shaba ya sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa kisiwani Australia mwaka 1944. Jumba lake la Husuni Kubwa, juu ya jabali, lilikuwa na bwawa la kuogea la pembe nane. Ukumbi ukanyamaza. Mfalme Afonso akanyoosha mkono: maji yalipandaje huko juu? Ufundi haumtoki mtu hata akivaa taji.

Wenzetu hawa wanavaa chuma juani ili mambo ya babu zao yasisahaulike. Sisi wazee wetu wametawanyika, na kila anayezikwa ugenini anaondoka na habari za kijiji kizima. Vijana, kaeni nao. Andikeni nani kazikwa wapi, bandari zilikuwa zipi, jahazi za nani zilitia nanga. Mkikuta vigae au sarafu za kale ufukweni, msiviuze wala msivihamishe. Pigeni picha vikiwa mahali pake.

Nitumieni mtakachopata kabla ya Novemba. Mwenyekiti wa chama ameshaniandika kwenye ratiba ya mihadhara, mada ni pwani yetu.