Bei Iko Nje

Donge la jana bado limenikaa kooni, na si la chakula. Ndani ya mgahawa mmoja wa Paris, tulipoketi tu tuliletewa menyu mbili: ya mpwa wangu ina bei, yangu haina. Niliigeuza mbele na nyuma. Majina ya vyakula yamejaa tele, kwa mwandiko wa madaha, lakini pale ukingoni panapokaa tarakimu, peupe. Na mlipaji ni mimi. Mpwa wangu ni mwanafunzi, anaishi kwa tambi.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya msibani, "kwako kumeandikwa bei?"

"Hakuna."

"Basi usiulize."

Mtu mzima utafanyaje? Umemwalika mtoto wa kaka yako kumpongeza, uanze kumhoji bei mbele ya mhudumu? Nikawa naisoma usoni pake. Ukurasa wa kwanza nyusi zilipanda. Wa pili zikakataa kushuka. Kwa heshima ya ukoo nikasema, "Mwambie atuletee ile ndefu."

Ile ndefu ndiyo menyu ya kuonja. Huchagui kitu, mpishi anakuchagulia, sahani baada ya sahani, kila moja ina matonge mawili ya adabu. Chini yake pameandikwa kwamba meza nzima lazima ichukue hiyo hiyo. Nilidhani ni ulafi wa biashara, kumbe ni hesabu, tena hesabu tamu. Zamani wakubwa wa Ufaransa walipangiwa vyakula vingi mezani kwa pamoja, na aliyekaa mbali na bata alikula kilichomkaribia. Karne ya 19 ukaingia mtindo wa Kirusi, unaohusishwa na Alexander Kurakin, balozi wa Urusi mjini Paris: chakula kije kwa zamu, kimoja kimoja, na kila mlaji apate chake kwa wakati mmoja na wenzake. Tangu hapo jiko likawa halina ruhusa ya kuchelewa. Auguste Escoffier, aliyewahi kupika jeshini, akaligawa kwa vikosi: wa michuzi, wa samaki, wa nyama choma, wa vitamu, sahani moja ikipita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ukilaza uma na kisu sambamba, kuna jicho limeona. Habari inafika jikoni, mpishi mkuu anatoa amri, na samaki wa dakika chache anaingia motoni sasa hivi, si kabla. Mlaji mmoja akitoka nje ya mstari, wote wanasimama.

Mimi nikatoka nje ya mstari, na nje ya mgahawa.

Baada ya sahani ya pili mpwa wangu aliniambia kwamba tangu 1987 sheria ya Ufaransa inataka bei zibandikwe nje, na kwa chakula cha usiku ziwe zinaonekana angalau kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mpita njia ana haki ya kuijua bei! Mimi niliyeketi ndani na kadi ya benki, siijui. Nikainuka.

Kiti kikavutwa. Kitambaa nilichokiacha kikakunjwa upya. Mkono wa heshima ukanielekeza msalani, nikaelekea mlangoni. Hapo nikavishwa koti, tena kwa huzuni. Nikasimama kwenye baridi mbele ya kisanduku cha kioo chenye taa, nikasoma: yuro 190 kwa mtu, vinywaji mbali. Nikasoma mara ya pili, haikupungua. Mume na mke wakaja, wakasoma pamoja nami, wakatikisa vichwa na kwenda zao. Wale walikuwa watu huru. Kupitia dirishani nilimwona mpwa wangu mbele ya meza tupu, amezuiliwa samaki wake kwa kosa la shangazi kutokuwepo.

Mengine yalikuwa madogo. Mkoba wangu uliletewa kigoda chake. Maji ya bomba hutolewa bure, ila chupa ilifunguliwa kabla hatujayataja. Mhudumu alinifafanulia karafuu ni nini, mimi, mtu wa Wete, Pemba, kwenye mikarafuu.

Hesabu ikaja ndani ya jalada la ngozi, ikawekwa mbele ya mpwa wangu. Nikaivuta. Kimashine cha kadi kikapelekwa kwake. Nikakivuta nacho. Nilipomaliza kubonyeza namba ya siri, mhudumu akamshukuru yeye.

Nyumba ile ilijua uma wangu umelalaje na mkoba wangu umechokaje. Swali moja tu halikuulizwa: nani analipa? Walitazama mwanamume ni yupi, wakatosheka. Mwaka 1980 mwanamke mmoja wa Los Angeles, aliyemwalika mshirika wake wa biashara, alipewa menyu ya namna hii akaenda mahakamani. Mwaka 2019 mgahawa mmoja wa Lima, Peru, ulitozwa faini kwa desturi hiyo hiyo. Ulijitetea kwamba ulitaka mwanamke afurahie usiku wa mahaba na mwenzi wake bila kuwazia gharama.

Mwenzi wangu wa mahaba alikuwa mtoto niliyemwogesha. Na kama kweli wanataka kuniondolea wasiwasi wa bei, wapunguze bei.