Sifa za Tairi Linaloziba Kioo

Abiria anayetoka Musoma kwenda Serengeti huanza kulilalamikia tairi la akiba kabla gari halijatoka mjini. Limefungwa kwenye mlango wa nyuma, limeziba nusu ya kioo, na dereva hawezi kurudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza. Mlango umekuwa mzito kiasi kwamba kuchukua chupa ya maji ni kazi ya mikono miwili. Ukiuegemea umekwisha: shati jeupe linapata duara jeusi. Juu ya keria kuna madumu mawili ya dizeli ambayo mtu aliyeyajaza asubuhi bado ananuka mikono saa kumi jioni. Mgeni wa Dar es Salaam huuliza, "Kaka, hivi hatuwezi kuviacha gesti, tukavichukua tukirudi?" Dereva anajibu taratibu, "Hapana, dada. Hivi tunakwenda navyo."

Mimi niko upande wa dereva. Navisifu vitu hivi pamoja na kero zake, kwa kuwa kero hiyo ndiyo inayovifanya vifae.

Tazama magari yanayolificha tairi la akiba. Pikapu nyingi hulining'iniza chini ya bodi kwa mnyororo, na mwenye gari anafurahia: kioo kiko wazi, mlango mwepesi, gari linapendeza. Baada ya miaka miwili hakumbuki kama lipo. Upepo umepungua kidogo kidogo, mnyororo umeshika kutu, tope la masika limekaukia kwenye rimu. Siku pancha inapomkuta karibu na lango la Ndabaka, mvua ikiwa imenyesha usiku, analazimika kulala chali kwenye udongo mweusi chini ya gari lililokwisha kuinama upande mmoja, akipigania mnyororo usiotaka kushuka. Akifanikiwa, analikuta tairi limelegea, halibebi kitu.

Tairi la mlangoni halikuachii usahau. Kila ukitaka kuchukua begi unaligusa. Linapolegea nati linapiga kelele, nawe unasimama kukaza. Kwa kuwa liko usawa wa kifua, kulipima upepo ni kazi ya dakika moja, na hata tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa unazisoma bila kuinama. Dereva wa Mara anayejua kazi yake hupita nyuma ya gari kila asubuhi na kulibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kuwasha injini. Nimewaona madereva wakifanya hivyo hata siku wanayokwenda Butiama tu, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, na kurudi.

Kuna wanaosema siku hizi lami inatosha. Ni kweli kwamba kutoka Mwanza unapita Lamadi, unapita Bunda, unafika Sirari mpakani bila kukanyaga vumbi. Lakini mtalii hakuja kuangalia lami. Pale Bunda anakata kulia kwenda Nyamuswa na Nata hadi lango la Ikoma, au anaingilia Ndabaka na kufuata ukanda wa magharibi kando ya mto Grumeti. Huko lami inaongezeka kipande kwa kipande, na kati ya vipande hivyo kuna changarawe yenye ncha. Upande wa Buhemba, kunakochimbwa dhahabu, mawe meupe yaliyopasuliwa hukata mpira ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Miti ya migunga nayo huacha miiba njiani. Mbuga ya udongo mweusi ikikauka inakuwa na makorongo magumu, ikilowa inashika magurudumu mpaka kashata za matairi zinazibwa na gari linateleza kama limepakwa mafuta.

Ndani ya hifadhi mambo yanakuwa mazito zaidi. Hairuhusiwi kuzurura kwa miguu kutafuta msaada, na hakuna mwenye akili anayetamani kufanya hivyo. Kibali cha kuingia nacho kina muda wake. Kama pancha ya kwanza imekula tairi lako moja la akiba, kilomita zote zilizobaki unaendesha kwa wasiwasi, huku abiria wakishangaa kwa nini huwasimamishi kuangalia nyumbu. Ndiyo sababu magari ya utalii hubeba matairi mawili ya akiba. Moja linabadilisha pancha. La pili linakurudishia amani ya kuangalia wanyama, na amani hiyo ndiyo abiria aliyoilipia.

Kulikuwa na wakati ambapo magari hayakubeba tairi la akiba kabisa. Ukipata pancha ulikaa kando ya njia, ukafungua mpira, ukatoa tyubu na kuweka kiraka, kuwe na mvua au jua. Mwaka 1904, Llanelli huko Wales, ndugu wa ukoo wa Davies walianza kuuza gurudumu la akiba lililotayarishwa na tairi lake, wakaliita Stepney kwa jina la mtaa walikokuwa na duka lao. Sasa viwanda vingi vinaliondoa tena. Gari jipya linakuja na kichupa cha gundi na pampu ndogo, ili lipungue uzito na buti ipate nafasi. Kwa tundu la msumari mjini, gundi inafaa. Kwa ubavu uliopasuliwa na jiwe la Buhemba, ni kupoteza gundi.

Dumu la chuma nalo lina haki ya kusifiwa. Wajerumani walilibuni katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi: lita 20, mishikio mitatu ili watu wawili wasaidiane kulibeba, kifuniko cha kubana kwa mkono bila spana. Waingereza waliokuwa wakipigana nao katika jangwa la Libya walibeba petroli kwenye madebe ya bati jembamba ya galoni nne, ndugu wa debe lile linalopimia mahindi sokoni Bunda. Yalivuja njiani, na petroli nyingi ikanyonywa na mchanga. Walipoteka madumu ya adui waliyang'ang'ania, kisha wakaanza kutengeneza ya kwao kwa kuiga.

Lita 20 za dizeli zina uzito wa kilo 17 hivi, ukiacha chuma chenyewe. Kwenye lami, Land Cruiser mkonga lenye injini ya lita 4.2 linaweza kuzitembelea kilomita 150. Kwenye tope, ukiwa umeingiza gia nzito, kilomita hizo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo wapo wanaoshauri kufunga tangi kubwa na kuachana na madumu. Baadhi ya mkonga huja na matangi mawili ya lita 90 kila moja, na sikatai kwamba ni raha. Lakini tangi kubwa linajazwa kwa mkupuo kwenye sheli moja. Yakiwa mafuta yaliyochakachuliwa, umechakachuliwa mwanzo hadi mwisho. Watanzania hatuhitaji kuelezwa uchakachuaji ni nini. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta kwa sababu hiyo hiyo. Dumu ulilojaza Musoma, likakaa peke yake, ni mafuta unayoyajua. Injini ikianza kukohoa baada ya kujaza kwingine, unabadilisha chujio, unamwaga yaliyomo tangini, na unayo safi ya kukufikisha kwa fundi.

Hapa nasema kwa msisitizo: dumu liwe la chuma au lililotengenezwa mahsusi kwa mafuta, wala si kidumu cha plastiki cha mafuta ya kupikia. Lisikae ndani pamoja na abiria. Wakati wa kulijaza lishushwe chini kwenye ardhi, lisijazwe likiwa juu ya keria, kwa kuwa cheche ya umeme tuli haionekani mpaka imeshaleta moto. Moto wa mafuta tuliuona Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakaenda na vidumu. Walikufa zaidi ya 100. Vilevile usilundike madumu sita juu ya keria ukidhani ndiyo usalama. Uzito ukiwa juu, gari linapinduka kirahisi kwenye kingo za makorongo. Mawili yanatosha, na ukishapata nafasi kwenye tangi, miminia mapema ili keria iwe nyepesi kabla ya njia mbaya.

Mtu anaweza kusema kwamba Mara ina watu wema, ataazima tairi kwa atakayepita. Wema upo. Ila Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1999 zina nati sita, zilizofuata zina tano, na Prado inarudi kwenye sita. Mwenzako anaweza kusimama Nata, akashuka, akavua koti na kukupa tairi lake kwa moyo wote, matundu yakakataa.

Dizeli haina matundu ya nati. Dumu ulilolibeba kwa manung'uniko tangu Musoma linaweza kumiminwa kwenye gari lolote la dizeli utakalolikuta limesimama kabla ya Ikoma: Fuso ya ng'ombe, gari la wagonjwa, au mkonga wa wageni waliodhani madumu ni mzigo. Mpe lita kumi, kumi zako zibaki. Halafu, kabla hujaondoka, mwombe afungue mlango wa nyuma mlikague tairi lake la akiba.