Nyumba Yenye Gia

Mwingereza akichoshwa na kazi za nyumbani hununua gari la kuishi, akapumzike. Wiki ya kwanza utamkuta kalala kifudifudi chini ya sinki, anabonyeza ukuta kwa kidole: ukibonyea, maji yameshaingia na mbao zimeoza. Kisha kuna uzito: leseni ya kawaida ya aliyefaulu mtihani tangu 1997 inaishia gari la kilo 3,500 pamoja na mizigo yake, na lita 100 za maji ni kilo 100. Basi mkewe anaulizwa, kwa adabu zote, kama viatu vyote vile ni vya lazima. Matairi nayo huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Lakini uhuru upo jamani! Kila siku mbili tatu bwana mkubwa anakatiza kambini na kasha la choo mkononi, akienda kulimwaga, anasalimia majirani. Wanamwitikia kwa mbali.