Jinsi ya Kuzuru Ufaransa Bila Kugeuka Tarishi

Ilete hiyo ratiba yako ya siku kumi tuione. Paris, Versailles, Mont-Saint-Michel, majumba ya bonde la Loire, Bordeaux, Lyon, Avignon, Marseille, Nice, na nusu siku ya Strasbourg kwa kuwa “tutakuwa huko huko.” Sasa shika kalamu nyekundu ukate bila huruma. Mont-Saint-Michel ipo pale tangu enzi za kati, nayo itakusubiri hadi safari ijayo. Mwenye ratiba kama hii ni tarishi: anafika kila ofisi, anasaini, anaondoka, na jioni hakumbuki hata rangi ya mlango aliougonga. Kwa siku kumi chagua vituo vitatu: Paris, Lyon na mji mmoja wa kusini. Treni ya kasi inayoondoka kituo cha Gare de Lyon jijini Paris huchukua muda wa saa mbili hivi kufika Lyon, na saa tatu na kitu hadi Marseille. Tiketi zikate mapema, maana bei yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia.

Viza nayo ianze mapema. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiingie chini ya siku 15. Watataka pia bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Anayetaka kuona maua ya Aprili aanze kukusanya karatasi kabla ya Krismasi.

Halafu tundika kalenda ukutani, kwa sababu Ufaransa ya majira ya kuchipua ni nchi ya milango inayofungwa kwa zamu. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu. Mwezi Mei una sikukuu za kumwaga: tarehe 1, tarehe 8, na mara nyingi Kupaa kwa Bwana, ambayo kila mwaka huwa Alhamisi. Wafaransa wengi huiunganisha na Ijumaa hadi Jumapili, na treni zikajaa familia zinazokwenda kwa bibi. Usisafiri siku hizo kama unaweza kukwepa. Tarehe 1 Mei Louvre imefungwa, maduka mengi yamefungwa, lakini usijifungie hotelini. Toka barabarani ununue kishada cha muguet, yale maua madogo meupe kama vikengele, ambayo siku hiyo watu huuziana na kupeana kwa kutakiana heri. Mpe mhudumu wa mapokezi. Utahudumiwa kama mtoto wa nyumbani wiki nzima.

Louvre utakwenda, najua, na utakwenda kumwona Mona Lisa. Nenda. Ni picha ya sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na mbele yake kuna watu walioinua simu kama wanaomba mvua. Nakusihi ufanye jambo moja tu ukishapiga picha yako: geuka. Kwenye ukuta wa upande wa pili kuna Harusi ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, iliyokamilika mwaka 1563, yenye upana wa karibu mita 10. Jeshi la Napoleon liliing'oa katika nyumba ya watawa huko Venice mwaka 1797, na haijarudi kwao mpaka leo. Kuna wapiga muziki, mbwa, watumishi wanaomimina divai, mabwana waliovaa hariri, na katikati yao Yesu ametulia. Mtu anaweza kukaa mbele yake nusu saa kila dakika akagundua mgeni mwingine kwenye karamu, huku umati mzima umeipa mgongo. Kwangu mimi, hiyo nusu saa ina thamani kuliko vituo vyote saba ulivyovikata.

Shangazi anataka picha ya mnara wa Eiffel? Mpigie kutoka uwanja wa Trocadéro, ambako mita zake 330 zinaingia zote kwenye simu. Mwenye magoti mazima apande kwa miguu: ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, na foleni ya ngazi kwa kawaida ni fupi kuliko ya lifti.

Ratiba ya jioni iachie jua. Sisi tuliozoea giza kuingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima, hatuna budi kujifunza upya: mwishoni mwa Mei jua la Paris huzama baada ya saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo makumbusho mchana, chakula, kisha matembezi kando ya mto Seine kukiwa bado kweupe. Na ondoa mashamba ya zambarau ya Provence kwenye matarajio yako. Lavenda huchanua kuelekea mwisho wa Juni na Julai. Mwezi Aprili utakuta vichaka vya kijivu vilivyojipanga. Badala yake nenda kijiji cha Giverny, si mbali na Paris, kwenye bustani ambayo mchoraji Monet aliishi nayo tangu 1883 hadi kifo chake 1926. Hufunguliwa Aprili mosi, na matulipu yanakuwa yamepamba moto.

Sasa chakula, na hapa nisikilize vizuri. Jiko la Ufaransa lina saa zake. Cha mchana ni kuanzia saa sita hadi saa nane. Cha usiku, kuanzia saa moja na nusu. Ukiingia mgahawani saa kumi jioni na njaa ya safari, sehemu nyingi utaambulia kahawa. Kula sana mchana: chakula cha siku, kilichoandikwa kwa chaki ubaoni, ndicho chenye bei ya kibinadamu na ndicho mpishi alichokinunulia viungo sokoni asubuhi. Majira haya tafuta asparaga nyeupe na stroberi za gariguette. Omba jagi la maji ya bomba. Ni bure, mkate pia. Na kabla ya yote, ukivuka kizingiti sema *bonjour*. Mtu wa pwani hawezi kuingia nyumba ya watu bila hodi wala salamu. Basi hata duka la mikate la Paris ni nyumba ya watu.

Asiyekula kitimoto awe macho: *lardons*, vipande vidogo vya nyama ya nguruwe, hujificha kwenye saladi na kwenye *quiche*, na *andouillette*, utakayoikuta Lyon pia, ni soseji ya utumbo, mara nyingi wa nguruwe, harufu yake hutangulia sahani. Lyon hiyo hiyo ina *quenelle* ya samaki wa mtoni, laini, inayofurika mchuzi, agiza hiyo. Paris, Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1926 una mkahawa wenye chai ya mnanaa chini ya miti. Na Marseille ni mji wenye Wakomoro wengi mno. Ukipita mitaa yake usishangae kumwona mama aliyejifunga leso kama majirani zako wa Mombasa.

Mizigo. Sanduku moja, lile unaloweza kulibeba mwenyewe ngazi tatu, maana vituo vingi vya metro vya Paris havina lifti. Aprili asubuhi huwa nyuzi 7 hivi, mchana 16, na mvua haipigi hodi: sweta, koti jepesi la mvua, viatu ulivyokwisha kuvilainisha nyumbani kwa ajili ya barabara za mawe. Koti zito la baridi kali liache. Chukua adapta ya pini mbili za duara, kwani chaja yako ya pini tatu bapa haitaingia popote. Na tia kanga mbili. Kanga ni skafu kwenye upepo wa kusini, ni shuka la kukalia bustanini, ni blanketi ndani ya treni yenye kiyoyozi, nayo haichukui nafasi.

Nafasi utaihitaji. Haradali ya Dijon na asali ya Provence zifunge ndani ya nguo, kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Chupa inayozidi mililita 100 ukiibeba mkononi itabaki na watu wa ukaguzi.