Bordeaux kwa Mgongo Wazi: Mwongozo wa Obunga, Kisumu

Hakikisha kwanza chupa ni ya Ufaransa kweli. Ikiandikwa Appellation Bordeaux Contrôlée, umefika. Ile yenye picha ya waridi na ladha ya sharubati waachie wenye sherehe ya ubatizo. Zabibu zake mara nyingi ni Merlot na Cabernet Sauvignon. Usijisumbue kuzitamka, muuzaji naye huzikwepa.

Halafu angalia saa. Waonjaji wa Ufaransa hupenda asubuhi, ulimi ukiwa bado mtulivu. Wewe una sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010: baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoihalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni na ifungashwe ipasavyo, sharti ambalo mapipa ya Obunga bado yanalitafakari.

Wataalamu husema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema ni cha mawe, kule kwao, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha mabati Obunga saa tisa mchana kitakupa supu. Izungushie chupa kitambaa kibichi, au itumbukize kwenye ndoo ya maji ya mtungini, na umwambie kila apitaye kuwa ni dawa.

Kizibuo hakuna. Sukuma kizibo kizame kwa mpini wa mwiko wa ugali. Vipande vikielea, sema ni mashapo. Divai iliyokaa miaka mingi huwa nayo, na hakuna atakayekuuliza miaka mingapi.

Mimina theluthi ya glasi. Majirani watadhani umefilisika, vumilia. Inamishe mbele ya kitu cheupe, uisifie rangi, kisha izungushe uone machozi yakiteremka ubavuni. Usiiwashie kiberiti. Najua ndivyo wazee hupima chang'aa, moto wa buluu ukiwa cheti cha ubora, lakini kitu cha asilimia 13 hakiwaki, nao watakwambia umepunjwa.

Sasa nusa. Vitabu vitakuahidi ngozi, tumbaku na udongo baada ya mvua. Wewe utapata mafuta ya karai la jirani, sukari nguru inayochacha nyuma ya nyumba na, ukijitahidi sana, zambarau. Andika zambarau. Onja: kile kinachokausha ulimi ni tanini, ile ile iliyomo kwenye chai ya rangi. Wataalamu hutema. Ukitema kinywaji cha kununua Obunga, utaulizwa kama unaumwa, kisha glasi itahamia kwa mwenye afya.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo miongozo ya kigeni inapopotea njia. Kanuni yao ni kwamba divai nyekundu haipatani na samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliipa kanuni hiyo msingi: madini ya chuma yaliyomo kwenye divai ndiyo huamsha ile shombo mdomoni. Sawa. Lakini kanuni hiyo ilitungwa na mtu aliyekula mnofu. Mbuta wa Ziwa Victoria hufika kiwandani akiwa mzima, mnofu hukatwa na kupandishwa ndege kwenda ng'ambo, na kinachobaki, kichwa, uti na mkia, ndio mgongo wazi ambao kinamama wa Obunga hununua, huanika na kukaanga. Mwanza huuita panki. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, iliuonyesha kwa ulimwengu. Sisi tulikuwa tumeshauona.

Nenda basi kwenye karai.

"Mama, nichagulie wenye nyama kidogo."

"Nyama imeenda Ulaya, nyathina. Chukua kichwa."

Chukua kichwa. Penye shavu na nyuma ya jicho kisu cha kiwanda hakikufika, na chumvi pamoja na mafuta ya karai huilainisha tanini kuliko jibini lolote. Pilipili weka kiasi, huufanya mvinyo uunguze. Mboga chungu ya osuga iache kando, uchungu juu ya uchungu ni adhabu. Omena usijaribu kabisa; hapo Wajapani wana haki.

Chupa ikiisha, mpe mama. Ataiosha kwa maji moto na kuitumia kupimia mafuta ya kukaangia, na lebo ya Bordeaux itakaa mezani pake hadi ibanduke.